Omukago wa Darasa la Nne

Wiki iliyopita nilikuwa nikipekua begi la shule la mwanangu, natafuta kopo la chakula alilolisahau humo tangu Ijumaa, na kabla sijalifikia kopo lenyewe nikashika kipande cha wembe. Kilikuwa kimeviringishwa kwenye karatasi ya daftari, kama wanavyofanya watoto wote wasio na kichongeo, na karatasi ile ilikuwa na harufu ya penseli iliyochongwa sasa hivi, harufu ya mbao na makaa. Nikakaa kitandani kwake. Mtoto mwenyewe alikuwa uani anapiga mpira ukutani, hana habari. Ningeweza kumwita nikamgombeza, maana ndiyo kazi tunayoijua zaidi sisi wazazi, lakini sikuinuka. Harufu ile ilikuwa imeshanirudisha Kagondo, nikiwa darasa la nne, chini ya mibuni ya Babu.

Nawasimulia nyinyi kwanza kwa sababu yeye sijamsimulia, na bado natafuta pa kuanzia. Rafiki yangu aliyemo humu nimempa jina la Zaituni, ambalo si lake. Ameyasoma haya kabla yenu. Amenirekebisha mahali pawili patatu, akaniambia mengine niyaache yalivyo, kwani nimekuwa mtu wa kutia chumvi tangu zamani na hategemei nitapona.

Kagondo ya wakati ule ilikuwa nusu mji, nusu shamba. Kwetu kulikuwa na kibanja cha migomba na mibuni kilichoshuka mpaka barabarani, na ng'ambo ya barabara ilikuwa nyumba ya Bi Mwajuma, bibi yake Zaituni. Sisi tulikuwa watu wa misa ya Jumapili, wao watu wa msikiti, na jambo hilo halikumsumbua mtu yeyote, isipokuwa wakati wa mfungo, Zaituni alipokuwa ananikasirikia nikila miwa mbele yake. Alikuwa ameletwa kwa bibi yake baada ya mama yake kufariki mjini. Watu wazima wakimtaja marehemu huyo walishusha sauti, na sisi tukisogea walianza ghafla kuzungumzia mvua. Mkoa wetu ulikuwa umezika watu wengi mno kwa ugonjwa ule, na nadhani walikuwa wamechoka hata kuutaja.

Tata, baba yangu, alikuwa dereva wa lori. Alirudi siku aliyorudi. Kwa hiyo nyumba ilikuwa ya Mae, mama yangu, na kwenye nyumba ndogo pembeni ya kibanja alikaa Babu, baba yake Tata. Babu alikuwa na kikapu kidogo cha akamwani, buni zilizochemshwa na majani yenye harufu nzuri kisha zikakaushwa, ambazo kwetu mgeni hupewa atafune kabla hajaulizwa habari. Jioni tulikuwa tukikaa naye, mimi na Zaituni, anatafuna na kusimulia. Na katika yote aliyosimulia, tulilolipenda kuliko yote ni lile la omukago.

Omukago ni udugu wa kuchanjiana. Babu alikuwa ameufunga ujanani na mwanamume mmoja wa Muleba. Tunda moja la kahawa lina mbegu mbili zilizolala tumbo kwa tumbo. Wanaotaka kuwa ndugu hulipasua, kila mmoja akajichanja kidogo karibu na kitovu, akaipaka mbegu yake damu, kisha wakabadilishana na kumeza. Kuanzia hapo hamwachani wala hamnyimani, na siri yenu haisemwi kwa mtu. Atakayevunja, tumbo linamvimba mpaka anakufa. Babu alikuwa msimulizi mzuri, na tumbo la mvunja omukago alizidi kulivimbisha kila alipolisimulia. Mwishoni lilikuwa halipiti mlangoni.

Tungebaki kucheka tu, kama mjomba wake Zaituni asingekuja kutoka Goziba. Alikuwa na kibanda cha chakula huko kisiwani, kwenye kambi ya wavuvi. Alikaa kwa mama yake siku mbili, akala, akasifia, kisha akamwambia Bi Mwajuma kwamba amezeeka, mtoto ni mzigo, likizo ikifika atakuja kumchukua wakaishi naye Goziba. Zaituni aliyasikia akiwa nyuma ya pazia. Tulichokijua kuhusu Goziba ni kwamba hakuna barabara ya kufika huko, ni boti tu, na boti ziwani huzama. Tulilia siku nzima, halafu tukaacha kulia na kuanza kupanga.

Tulikwenda mwisho wa kibanja baada ya shule, pale mibuni ilipobanana na matunda yalikuwa yameiva mekundu. Wembe ulikuwa wa Zaituni, ule wa penseli. Alianza yeye kwa sababu mimi niliogopa. Alijichanja juu ya kitovu bila hata kukunja uso, akaufuta wembe kwenye sketi, akanipa, na mimi nikajichanja. Mbegu ilikuwa inateleza na ina utamu kidogo wa tunda, na ilinikwama kooni nikakohoa mpaka Zaituni akanipiga mgongoni. Tukaapa. Nilirudi nyumbani nikijiona mtu mzima kabisa, mtu asiyeweza tena kunyang'anywa rafiki.

Jumamosi yake Mae alikuwa anafua uani na mimi namenya ndizi za mchana. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani, kisha wimbo ukakatika katikati ya mstari.

"Koku. Njoo hapa."

Alikuwa ameshika shati langu jeupe la shule. Mbele, chini ya vifungo, kulikuwa na doa dogo la kahawia. Nilisema ni kutu. Akanifunua gauni palepale uani, akakiona kidonda. Nilitegemea kofi. Badala yake alipiga magoti, uso wake ukawa sawasawa na wangu, akaniuliza kwa sauti ya chini sana ni nani aliyenigusa. Akaanza kutaja majina ya wanaume: mwalimu, muuza mafuta ya taa, kijana aliyekuwa akikata majani ya ng'ombe kwa jirani. Kila jina nilitikisa kichwa, na kila nilipotikisa kichwa mikono yake ilizidi kunibana. Sikuelewa anauliza nini. Nilijua tu kwamba nikifungua mdomo nitakufa, na nisipoufungua Mae atapata wazimu.

"Niliapa," nikasema mwisho. "Muulize Babu, yeye anajua."

Hapo nilimponza mzee wa watu. Mae alinishika mkono tukavuka kibanja mbiombio mpaka mlangoni kwa Babu. Alipiga magoti kumsalimia kama inavyompasa mke wa mtoto, lakini akasema akiwa bado chini, kwa sauti ambayo baba mkwe hasemeshwi, "Tata waitu, mtoto ana chale tumboni na anasema wewe unajua."

Babu alitazama tumbo langu. Aliacha kutafuna. Alikitambua kile kidonda mara moja, na nilimwona akizeeka pale alipokaa.

"Na nani?" akaniuliza.

"Hasemwi, Babu. Wewe mwenyewe ulisema."

Mae akafumba macho. Babu akaniambia polepole kwamba ni kweli hasemwi kwa mtu mwingine yeyote, isipokuwa mama. Kitovu kilikuwa cha mama kabla hakijawa changu, na mwenye kitovu hafichwi. Mpaka leo sijui kama hiyo ni desturi au aliitunga hapohapo kuniokoa. Nilimwamini nusu, na kwa hiyo nusu nikalitaja jina la Zaituni.

Mae hakupiga kelele. Aliuliza maswali mawili tu.

"Wembe ulikuwa mmoja, au kila mtu na wake?"

"Mmoja."

"Nani alianza?"

"Zaituni."

Akakaa chini kwenye majani, miguu imenyooka mbele kama mtoto. Babu akasema, "Mukamwana, kosa ni langu, mimi ndiye niliyewasimulia." Mae aliinuka. Alinirudisha nyumbani, akachemsha maji ya chumvi, akaniosha kidonda mpaka nikalia, na alipomaliza akaniosha tena. Halafu akajifunga kanga, akavuka barabara.

Nilimfuata kwa kujificha kwenye migomba. Nilikuwa na hakika kwamba anakwenda kupigana na Bi Mwajuma, na kwamba Zaituni atajua nimemsema. Nilijibanza nyuma ya jiko lao nikawasikia.

"Mama, sikuja kugombana," Mae alisema. Kisha akaeleza, kwa ufupi, jambo lote. "Nisamehe kwa ninaloliuliza. Mama yake Zaituni aliumwa nini?"

"Unajua alichoumwa, Mama Koku. Wote mnajua, ndiyo maana mkinikuta dukani mnanyamaza."

"Na mtoto amepimwa?"

"Nimeogopa."

"Mimi pia naogopa," Mae alisema. "Nimeogopa tangu saa nne asubuhi. Twende wote. Si hapa mjini. Mdogo wangu ni muuguzi Muleba, twende kwake, watoto tuwaambie tunakwenda kumsalimia."

Maneno yote niliyasikia na sikuelewa hata moja. Nilichoelewa ni kwamba hawakupigana, na hilo lilinitia mashaka zaidi.

Jumatatu hatukwenda shule. Tulikuwa wanne, na Zaituni alivaa gauni lake la Idi, kwani hakuwahi kufika Muleba. Alichungulia dirishani safari nzima, anahesabu ng'ombe na kubishana na mimi kuhusu rangi zao. Mimi nilikuwa nimeshika tumbo. Tulipita zahanati tatu njiani, na mjini kwetu tulikuwa tumeacha hospitali nzima. Nilijiuliza kwa nini kumsalimia Mama Mdogo kunahitaji tuchomwe sindano vidoleni. Zaituni alicheka alipochomwa. Mimi nililia kidogo, si kwa maumivu, bali kwa sababu niliona damu yetu inachukuliwa na watu ambao hawakuwa kwenye kiapo.

Tulikaa nje kwenye benchi tukala maandazi. Walikuwa ndani muda mrefu. Mlango ulipofunguliwa Bi Mwajuma alitoka kwanza, kanga ameivuta mpaka usoni, Mama Mdogo amemshika bega. Mae akafuata. Sikuweza kuusoma uso wake. Alitujia pale kwenye benchi, akamshika mkono Zaituni, si mimi, na tangu zahanati mpaka kituoni alitembea naye hivyo, mimi nakuja nyuma na begi. Niliona wivu.

Kilichofuata ni miezi mitatu mibaya kuliko yote niliyoijua utotoni. Mama Mdogo alikuwa amesema turudi baada ya muda huo nipimwe tena, maana kwangu mimi ilikuwa mapema mno kujua. Hilo sikuambiwa. Nilichokiona ni kwamba Mae alikuwa hanitoi machoni. Nikikohoa aliweka chini alichokishika. Asubuhi alinipapasa paji la uso, shingo, kisha ananifunua shati na kunitazama tumbo, akidhani nimelala. Mimi nilikuwa macho, nimefumba tu. Nilijua anatazama nini. Anatazama kama limeanza kuvimba.

Maana kwa hesabu yangu nilikuwa nimevunja omukago. Habari za mwenye kitovu zilinituliza siku mbili tatu, halafu zikaisha nguvu. Nikachuna uzi wa mgomba uliokauka, nikajizungushia kiunoni, nikafunga fundo pale ulipokutana, na kila asubuhi nikawa najipima nao nyuma ya nyumba. Ukikutana, nimepona kwa siku hiyo. Baada ya kula ulikuwa haukutani. Nadhani mtu yeyote mwenye akili angejua sababu, lakini mimi nilikuwa mtoto wa darasa la nne mwenye siri, na mtu wa namna hiyo hana akili. Nikaona dawa ni moja tu, kutokula. Ndizi nilizimega nikazificha mfukoni nikampa mbuzi. Maharage nilisema yananiumiza. Nikaanza kukonda.

Sasa mfikirieni Mae. Mimi mwenyewe imenichukua miaka mingi, na watoto wawili, kuweza kumfikiria. Mtoto wake amejichanja kwa wembe uliotoka kwenye damu ya mwenzake, majibu hayajulikani, na mtoto anakonda mbele ya macho yake, mbavu zinaanza kuhesabika, shingo inakuwa nyembamba, hataki chakula. Katika mkoa wetu kila mtu alikuwa amewahi kumwona mtu akikonda vile, na alijua mwisho wake. Alinipikia samaki, nikakataa. Akanipikia wali siku isiyo sikukuu, nikakataa. Akanibembeleza, "Bojo, kidogo tu," akanifokea, akanibembeleza tena. Kadiri alivyoogopa ndivyo alivyonitazama, na kadiri alivyonitazama ndivyo nilivyojua kwamba tumbo limeanza, na nikala kidogo zaidi. Tuliendeshana hivyo, mama na mwana, kila mmoja na hofu yake, tukiwa tunakaa jiko moja.

Zaituni naye alikuwa na mabadiliko yake. Goziba iliisha ghafla. Mjomba alipokuja kumchukua, Bi Mwajuma alimwambia kwamba mtoto haendi, na hakumpa sababu, na mjomba akaondoka amenuna. Tulidhani ni nguvu ya omukago. Bibi na mjukuu walikwenda Muleba mara nyingine mbili bila sisi, kisha asubuhi moja Zaituni akatokea mlangoni kwetu kabla ya shule, na kuanzia siku hiyo akawa anakunywa uji kwetu kila siku. Mae aliweka vikombe viwili mezani. Mbele ya kila kikombe aliweka kidonge. Cha Zaituni kilikuwa kikubwa, kimekatwa katikati, na alikitazama kwa chuki. Changu kilikuwa kidogo, chekundu, kitamu ukikilamba.

"Dawa ya nini?" niliuliza siku ya kwanza.

"Ya nyinyi wote wawili," Mae alisema. "Mezeni nikiwaona."

Nikaelewa moja kwa moja kwamba ni dawa ya omukago. Zaituni naye alielewa hivyohivyo, na tulimeza tukitazamana, mara nyingine tukishindana nani wa kwanza. Jioni ilikuwa vivyo hivyo. Lakini dawa haikuniondolea uzi wangu, niliendelea kujipima.

Mae aliukuta siku moja mchana, niliporudi shule nikaanguka mlangoni. Sikuzimia, nadhani ilikuwa njaa tu na jua. Alinibeba mpaka kitandani, akanilegeza sketi nipumue, na ule uzi ukamnasa mkononi. Akauvuta wote.

"Hii ni nini, Koku? Nani amekufunga hii?"

Nilikuwa nimechoka kuogopa. Nikamwambia yote: kwamba ndiyo kipimo cha tumbo, kwamba nilimtaja Zaituni, kwamba Babu anasema mwenye kitovu hafichwi lakini huenda Babu amekosea, kwamba nisipokula halivimbi, na kwamba najua yeye mwenyewe anaogopa hivyohivyo kwa sababu nimemwona akinitazama kila asubuhi.

Mae alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo hukuwa unaumwa," akasema. "Ulikuwa huli tu." Kisha akacheka, kicheko kisichokuwa chake, akakaa sakafuni na kulia, ameuweka uso kwenye godoro pembeni ya mguu wangu. Sikuwahi kumwona akilia hata msibani. Nilimshika kichwa, sikujua la kufanya jingine. Alipoinuka aliuchukua ule uzi akautupa motoni chini ya chungu, akapakua ndizi na maharage, sahani imejaa, akakaa mbele yangu. Hakusema kula. Nilikula zote, na nilipomaliza nilitazama tumbo langu lilivyotuna nikasubiri kufa, na halikutokea jambo lolote isipokuwa usingizi.

Tulirudi Muleba miezi ile ilipotimia, mimi na yeye tu. Nilichomwa kidole tena. Safari hii Mae hakuingia ndani, alisimama ukutani nje ya mlango akiwa ameshika rozari ndani ya mkoba, nikiona mkono unavyotembea humo. Mama Mdogo alipotoka alisema neno moja kwa Kihaya, Mae akamwambia arudie, akarudia. Mae akainama, akapiga magoti kwenye saruji mbele ya watu wote na kuanza kunifunga kamba za viatu, ambazo zilikuwa zimefungwa. Alizifungua, akazifunga tena. Nilidhani anatafuta kitu kilichomdondoka.

Vidonge havikukoma. Zaituni aliendelea kuja, nami niliendelea kupewa changu chekundu, asubuhi na jioni, mwaka huo na uliofuata, mpaka nikawa siulizi tena, kama mtu asivyouliza kwa nini anapiga mswaki. Watoto wengine shuleni walijua kwamba sisi wawili "tuna dawa". Walipomtania Zaituni walinitania na mimi, na mimi nilikuwa mgomvi zaidi, kwa hiyo hawakututania sana.

Tulipofika kidato cha pili Zaituni aliambiwa kliniki, kwa utaratibu mzuri, na watu waliojua kuongea na mtoto. Alikuja moja kwa moja kwetu. Tulikwenda kukaa mwisho wa kibanja, akaniambia alichonacho, na mama yake alikufa na nini, na vidonge ni vya nini. Alisema kwa sauti ya kawaida kabisa. Halafu akaniuliza swali lililokuwa linamtesa njia nzima: "Na wewe, Koku? Niliupata kwa mama yangu, wewe umeupata kwangu?"

Nilikimbia ndani. Kopo langu lilikuwa kwenye rafu ya juu ya kabati, pembeni ya kopo lake. Sikuwahi kulisoma. Lilikuwa la vitamini za watoto.

Nilimkuta Mae jikoni anamenya ndizi. Nilimwonyesha kopo. Alilitazama, akaendelea kumenya.

"Alikuwa anazitema," alisema. "Bibi yake anampa, yeye anakwenda nyuma ya choo anatema. Anasema kwa nini yeye tu. Nilipokupa na wewe, akameza."

Nikarudi mbio kwa Zaituni kumwambia. Alilia kwa furaha, akanipiga, akasema kumbe miaka yote mimi nakula pipi. Tulicheka mpaka Babu, aliyekuwa amezeeka sana, akauliza kwa sauti kutoka nyumbani kwake kuna nini.

Lakini jioni ile, nikiwa nimelala chali natazama dari, nilianza kupanga mambo yalivyofuatana. Safari ya kwanza ya Muleba. Uji. Vikombe viwili. Uzi wangu motoni. Safari ya pili. Nilipanga mara moja, nikapanga tena, na uji ukaja kila mara kabla ya safari ya pili. Niliamka nikamfuata Mae, nikamwuliza kama nimekosea. "Ulianza kumpa uji Zaituni kabla hujajua majibu yangu?"

"Ndiyo."

"Wakati nakonda?"

"Wakati unakonda." Alinitazama kama mtu anayeulizwa jambo la kijinga. "Kwani yeye alitakiwa angoje majibu yako ndipo ale?"

Ndiyo kusema kwamba kila asubuhi, kwa majuma yale yote, mama yangu alikaa kwenye meza moja na mtoto ambaye huenda damu yake ilikuwa ikimmaliza mwanawe, akamkorogea uji, akaupooza, akamfuta mdomo na kumtengeneza kola ya shati. Na alipokuwa amemshika mkono njiani Muleba, mimi nikiwa nyuma na begi na wivu wangu, ni yeye na Bi Mwajuma tu katika sisi wanne waliojua ni nani kati ya sisi watoto wawili amepewa habari mbaya siku ile. Nimekuwa mama sasa, na nimejipima kwa asubuhi zile mara nyingi. Sina hakika kama ningeweza. Ningependa kusema ningeweza, lakini naijua roho yangu. Nadhani mimi ningeweka kikombe kimoja.